Maswali ya Wasomaji: Simba Niliyoijua kwa Masikio

Mwezi huu wasomaji watatu wameniuliza, kila mmoja kwa namna yake, juu ya ushabiki wangu wa Simba, jambo ambalo nimekuwa nikiligusia tu katika safu hii bila kulieleza. Nimeonelea barua zao nizijibu pamoja. Wapenzi wa Yanga wanaosoma ukurasa huu, ambao najua ni wengi, naomba wanivumilie; nimejitahidi kuwatendea haki, ingawa si kila mahali.

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mpwapwa, na ni Simba kama wewe. Babu yangu husema kwamba wao waliujua mpira kuliko sisi tunaoutazama kwenye simu, ilhali yeye mwenyewe anakiri kwamba hadi anaoa hakuwahi kuiona Simba ikicheza. Mtu anaipendaje timu asiyoiona? Au wazee mnatupiga chenga?
– Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako hakupigi chenga, na tafadhali nisalimie.

Nilikulia katika kota za reli hapa Dodoma, ambako baba yangu alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Mwaka 1974, Simba ilipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, nilikuwa mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kuvuka Morogoro. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450, na treni ilikuchukua usiku kucha kama safari ilikuwa ya heri. Magazeti yalitufikia yakiwa yameshachakaa mikononi mwa abiria, na televisheni huku Bara tuliisubiri hadi miaka ya tisini. Kilichobaki kilikuwa redio, na redio maana yake ilikuwa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam.

Redio ya baba ilikuwa ya mbao, kubwa kama sanduku la nguo, na kitufe chake cha kutafutia stesheni kilikuwa kimepotea zamani, hivyo tulizungusha ule msumari wake kwa koleo. Ilikula betri sita kubwa, na kwa kuwa betri hazikuwa kitu cha kununuliwa ovyo, siku ya mechi zilianikwa tangu asubuhi juu ya bati la jiko ili zipate joto na kuamka kidogo. Mlinzi wa betri nilikuwa mimi. Nilikaa pale juani na fimbo, nikifukuza kuku na wadogo zangu, kwa sababu betri moja ikianguka na kubonyea, kipindi cha pili chote mngekisikia kwa mtu mwingine.

Jioni, chini ya mwarobaini, tulichora kiwanja kwenye vumbi kwa kijiti na kupanga vizibo vya soda. Vizibo vya Simba tulivipaka rangi ya kucha ya dada yangu, bila ruhusa yake, na vya timu pinzani tuliviacha kama vilivyo. Mtangazaji akisema mpira umetoka kwa beki wa kulia, umevuka mstari wa katikati, umemkuta winga karibu na kibendera, vidole vyetu vilisukuma vizibo vikimfuata. Watangazaji wa RTD, nami hapa nawakumbuka akina Ahmed Jongo na baadaye Charles Hilary, walikuwa wakikupa kila kitu: nani yuko wapi, anaelekea goli lipi, jua linampiga nani usoni. Mikwaruzo ilipoingia tuliinua vidole na kungoja, na sauti iliporejea mara nyingi tulikuta winga wetu yuko kwenye kona ya kushoto ilhali yule wa kwenye redio ameshapiga shuti na kipa amedaka. Hapo mabishano yalizuka juu ya nani aliyekosea, sisi au redio, na kuna siku tuliamua kwa kura kwamba redio ndiyo iliyokosea.

Nadhani hicho ndicho anachokisema babu yako. Wewe usipoona vizuri, utaonyeshwa tena, mara tatu, kutoka pembe nne. Sisi tulilazimika kukibeba kikosi kizima kichwani, majina kumi na moja na mahali pa kila mmoja, kwani ukimsahau mtu mmoja mchezo wote ulipotea. Sura zao hatukuzijua. Abdallah Kibadeni niliyemjenga kichwani alikuwa mrefu kama mlingoti, na nilipokuja kumwona yule wa kweli, nikiwa nimeshamaliza shule na kuanza kazi, nilidhani nimeonyeshwa mtu mwingine.

Utaniuliza ilikuwaje nikawa Simba. Aliyeniingiza ni mjomba wangu, kuli wa bandarini Dar es Salaam, aliyekuja kututembelea kila mwisho wa mwaka na ambaye hadi anaingia kaburini aliiita timu hiyo Sanda, kwa kifupi cha Sunderland. Klabu ilianzishwa mwaka 1936, ikapitia majina kadhaa, na kwa jina hilo la Sunderland ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa taifa, mwaka 1965. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa. Mjomba hakuwa na ugomvi na jina jipya. Alisema tu kwamba mtu hawezi kuanza kumwita mkewe kwa jina jingine baada ya miaka ishirini ya ndoa.

Baba, kwa bahati mbaya, alikuwa Yanga, na redio ilikuwa yake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye Julai 1977. Siku hiyo Simba iliifunga Yanga mabao 6–0, matatu yakiwa ya Kibadeni, na mimi nilisikiliza mabao manne tu. La kwanza lilipoingia baba alikohoa. La pili, ambalo Yanga walijifunga wenyewe, alisema mambo hayo hutokea. La tatu liliingia kabla ya mapumziko naye akaagiza chai. Lilipoingia la nne akainuka taratibu, akageuza redio, akafungua mfuniko wa nyuma na kutoa betri moja baada ya nyingine, zote sita, akiziweka mfukoni mwa koti lake la kazi huku akitueleza kwa upole kwamba betri zikitumika mfululizo huharibika. Mama alicheka hadi akaingia ndani. La tano nililijua kwa kelele zilizotoka upande wa kota za madereva, na la sita kwa kelele za upande wa sokoni, na hadi leo mabao hayo mawili ndiyo ninayoyaona kwa uwazi zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mtangazaji wa kunieleza yalivyofungwa, nami nikayafunga mwenyewe.

Kwa kuwatendea haki watani, Yanga ile ilikuwa imepasuka, na wachezaji wake wengi wazuri walikuwa wamekwenda kuichezea Pan African. Baba alinikumbusha jambo hilo kila mwaka, na akimaliza alinikumbusha pia tarehe 1 Juni 1968, Yanga 5, Sunderland 0. Ilikuwa kama sala ya jioni nyumbani kwetu.

SWALI: Mtani, habari za siku nyingi. Mimi ni mama wa makamo hapa Manyoni, na damu yangu ni ya kijani na njano. Fainali ya Afrika ya 1993 mlifungwa mkiwa nyumbani. Fainali ya 2025 mkaikosa tena mbele ya RS Berkane ya Morocco. Hizo kumbukumbu tamu unazozitaja kila mara zinatoka wapi? Au nyinyi hufurahia kufungwa?
– Msomaji, Manyoni

JIBU: Nzuri, mtani, na nimefurahi kuona kwamba tarehe zetu umezihifadhi vizuri kuliko baadhi ya wanachama wetu.

Fainali ya Kombe la CAF ya 1993 niliifuata kwa treni. Simba ilikuwa imetoka sare ya 0–0 na Stella kule Abidjan, na ushindi wowote wa nyumbani ungetosha kuleta kombe. Kocha wetu alikuwa Kibadeni yule yule wa vizibo vya soda, golini alikuwapo Mohamed Mwameja, na katika ulinzi George Masatu. Tuliondoka Dodoma watu tisa, wanane wa Simba na mmoja wa Yanga, mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yangu pale Makole. Tulipomuuliza anakwenda kufanya nini, alijibu kwamba hiyo ilikuwa timu ya Tanzania na yeye ni Mtanzania. Hatukumwamini, lakini tulimkatia tiketi. Treni iliingia ikitokea bara ikiwa imeshajaa, tukasimama daraja la tatu hadi Kilosa, na kila iliposimama, Gulwe, Godegode, Kidete, watu wa huko walitugongea madirishani kutuombea heri, wengine wakitupa mahindi ya kuchemsha na kukataa fedha. Sijui walijuaje kwamba sisi ni Simba. Nadhani tulikuwa tukiimba.

Uwanja wa Taifa, huu ambao sasa unaitwa Uhuru, ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwapo jukwaani. Stella walifunga mara mbili na sisi hatukufunga hata mara moja, na kuhusu mchezo wenyewe sina la kuongeza kwako, mtani, kwani naona unalijua.

Ninachokikumbuka ni sauti ya kutoka. Maelfu ya watu waliteremka jukwaani bila mtu kusema neno, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa ndala, ndala zikiburuzwa kwenye saruji, kama mvua inayoanza mbali. Nilikuwa nimezoea mechi kuwa sauti ya mtu mmoja ndani ya sanduku la mbao. Sikuwahi kufikiri kwamba uwanja mzima unaweza kunyamaza namna ile.

Tulirudi stesheni kwa miguu. Katika treni yule mwalimu wa Yanga alikaa mbele yangu na hakusema lolote. Morogoro alinunua machungwa dirishani, akayamenya kwa kisu chake kidogo, ganda likitoka refu bila kukatika, akatugawia wote wanane kabla ya kula lake. Kilosa alinipa koti lake nijifunike. Nikajiambia kwamba nimemhukumu vibaya mtu huyu miaka yote. Alfajiri, tulipokuwa tumeipita Gulwe na milima imeanza kuonekana, alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa marehemu baba, akaniuliza kwa sauti ya heshima kabisa: «Hivi, mtani, lile kombe lilikuwa la rangi gani? Maana kwa pale nilipokaa sikuliona vizuri.»

Behewa zima lilicheka. Nami nilicheka, mtani, nilicheka hadi machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka tangu jana yake yakatoka. Alikuwa amelitunza swali hilo usiku mzima, kilomita zaidi ya mia tatu, hadi alipoona kwamba tunaweza kulibeba. Umeniuliza utamu unatoka wapi. Kwangu, mwingi umetoka katika behewa lile.

Lakini usidhani kwamba tumekula machungwa tu. Agosti 2003 Simba ilikwenda Cairo kurudiana na Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, ikiwa na bao moja la Emmanuel Gabriel la mechi ya nyumbani. Zamalek nao wakapata bao moja, zikaja penalti. Nilikuwa nimesimama nje ya duka moja la Majengo pamoja na watu wasiopungua hamsini, redio ikiwa juu ya gunia la karanga, na mwenye duka akiwa ameacha kuuza kabisa. Juma Kaseja alipangua, na mkwaju wa mwisho ukapigwa na Christopher Alex. Ukaingia. Simba ikaenda hatua ya makundi, na mimi nikapoteza kiatu kimoja ambacho hadi leo sijakipata.

Christopher Alex alifariki hapa hapa Dodoma Februari 2019, mwezi ule ule ambao Simba iliifunga Al Ahly 1–0 Dar es Salaam kwa bao la Meddie Kagere. Vijana waliokuwa wakishangilia bao hilo wengi hawakumjua. Niliwaeleza wale wa mtaani kwangu, na mmoja akatafuta mkwaju ule kwenye simu yake asiupate, ikabidi nimwoneshe kwa mguu wangu mwenyewe, hatua kwa hatua, pale kwenye vumbi mbele ya nyumba.

Kuhusu fainali ya 2025, nakiri kwamba iliuma kwa namna nyingine. Tulikuwa tumefungwa 2–0 huko Morocco, na mchezo wa marudiano ukachezwa Amaan, Zanzibar, tukatoka 1–1. Nilitazama kwenye televisheni pamoja na mjukuu wangu, picha safi kabisa, na kila kosa letu tulirudishiwa. Miaka 32 nilikuwa nimeingoja fainali nyingine, na ilipokwisha mjukuu alizima televisheni, akaingia kulala, wala hapakuwa na mtu wa kumenya chungwa. Wewe lakini utanielewa, kwani Juni 2023 mliwafunga USM Alger 1–0 nyumbani kwao na bado kombe likabaki kule kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Siku hiyo nilimpelekea jirani yangu machungwa manne. Hakuuliza ni ya nini, na mimi sikumwuliza rangi ya kombe hadi baada ya wiki mbili, kwa heshima ya umri wake.

SWALI: Mzee, mimi nimezaliwa Nkuhungu na naishangilia Dodoma Jiji tu. Inaniudhi kuona wazee wa hapa mnajaza Uwanja wa Jamhuri kwa jezi nyekundu na za njano timu za Dar zinapokuja, kama vile sisi hatuna timu. Simba ikicheza na Dodoma Jiji, wewe unakaa upande gani?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Umeniuliza vizuri, na una haki ya kuudhika. Nitakujibu bila kuzunguka: Simba.

Sikatai kwamba ni aibu kidogo. Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020 nilikuwa miongoni mwa waliopiga honi barabarani, na timu nyingine yoyote ikija Jamhuri, iwe Yanga, iwe Azam, mimi ni mlima zabibu kamili na sauti yangu wanaijua walinzi wa getini. Hata kabla yenu nilikwenda kuiona Polisi Dodoma tukiwa watu wachache, upepo wa Agosti ukitujaza mchanga machoni. Lakini kizazi changu kilichagua timu wakati ambapo timu ilitoka ndani ya redio, na redio ilikuwa na timu mbili. Ninyi mmeanza na timu mnayoweza kuifikia kwa miguu, ambayo wachezaji wake mnakutana nao sokoni wakinunua nyanya. Mjukuu wangu ni mmoja wenu. Anao uwezo wa kupanda treni ya umeme asubuhi na kufika Dar es Salaam kwa safari isiyofika muda wa saa nne, aione Simba kwa Mkapa na kurudi kulala kwake, jambo ambalo mimi ningelilipia kwa mshahara wa mwezi, na bado ananiambia hana haja.

Mara ya mwisho Simba ilipokuja tulikwenda pamoja, yeye na jezi yake, mimi na yangu, tukakaa katikati ambapo pande zote mbili zilitutazama vibaya. Tunakubaliana kwamba aliyefungwa ndiye anayelipia mishikaki wakati wa kurudi. Hadi sasa deni ni lake, ingawa amenionya kwamba hali hiyo haitadumu.

Kitu kimoja bado ananicheka. Macho yangu sasa hayafiki lango la mbali, hivyo huingia uwanjani na redio ndogo ya mfukoni, waya mmoja sikioni, nikimsikiliza mtangazaji akinieleza mchezo unaochezwa mbele yangu. Ukiniona pale Jamhuri nimefumba macho wakati Simba inapiga kona, usiniguse bega kunionyesha.